Karani Asiyeacha Nafasi Tupu

Kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikisoma kipimajoto cha jokofu la chanjo katika zahanati yetu, na katika muda huo wote sijapata kuandika namba ambayo macho yangu hayakuiona. Siku nilizougua, nilichora kistari kwa wino mwekundu na kutia sahihi pembeni yake. Nilipomzika mke wangu, daftari lilipata vistari vya siku tatu. Maana ya kistari ni moja tu: saa hii hapakuwa na jicho. Vijana wa zahanati waliniita Bwana Kistari, nami sikuwakemea, kwa kuwa halikuwa jina la uongo.

Nayatanguliza haya ili msomaji aelewe hasira niliyokuwa nayo Jumatatu ile, ambayo mpaka leo haijanitoka yote.

Chanzo chake kilikuwa vistari hivyo hivyo. Kila mwezi chati yetu ilipelekwa kwa wakaguzi, na kila mwezi ilirudi na maswali: hapa mbona hapana namba, na hapa je? Daktari, mkuu wa zahanati, kijana mwenye mashati yaliyonyooshwa na haraka isiyokwisha, alichoka kujibu. Akamwita mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea mwenyewe tangu akiwa na miaka sita, ambaye sasa anajipatia riziki kwa kutengeneza programu za simu. Akamwomba atuundie kitu cha kutukumbusha saa na kutuandikia namba.

Alikiunda kwa wiki mbili. Kilikuwa roboti ndogo ya ujumbe, isiyo na mikono wala miguu, inayokaa huko huko mtandaoni. Mara tano kwa siku, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, simu ya zahanati ililia na ujumbe ukasomeka: "Jokofu ni digrii ngapi?" Aliyeshika simu alijibu kwa namba, na namba ikaingia yenyewe kwenye chati. Wakakipa jina la Karani. Hilo lilinichoma, maana ukarani ndio uliokuwa cheo changu kabla sijastaafu na kuombwa nibaki kwa siku tano za juma. Lakini nilimeza mate nikanyamaza. Namba zilikuja kwa wakati. Nilikiri hata mbele ya watu kwamba kazi ni nzuri. Lilikuwapo swali moja tu lililostahili kuulizwa, nami sikuliuliza.

Jumatatu ile nilifika saa moja asubuhi. Ilikuwa siku ya chanjo ya watoto wachanga, na akina mama walikwisha kujaza mabenchi ya barazani. Niliingia chumba cha jokofu, na hatua ya pili tu kiatu changu kikanata sakafuni. Chini ya mlango wa jokofu palikuwa na kidimbwi cha maji mekundu yenye sukari. Nikafungua. Nyuma ya maboksi ya chanjo, imeegemea ukuta wa ndani, ilikuwapo chupa ya soda iliyopasuka tangu shingoni hadi kitakoni, na ndani ya vipande vyake bado mlikuwa na bonge la barafu, ukubwa wa yai.

Nikatazama kipimajoto. Digrii tatu.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Soda haigandi katika digrii tatu, wala katika nne. Ili igande hadi kupasua kioo, ni lazima jokofu lishuke chini ya sifuri na likae huko saa nyingi. Na chanjo ya sindano tunayowapa wachanga, ikiganda mara moja, imekufa. Ikiyeyuka hurudia sura yake ya awali, haina harufu wala dalili. Haimdhuru mtoto, lakini haimkingi. Mama yake hurudi nyumbani na kadi iliyopigwa muhuri, akidhani amemaliza, na hatajua kitu hadi siku ugonjwa utakapobisha hodi.

Nilitoka na ile chupa mkononi. Mlinzi wa usiku alikuwa getini akikunja koti lake. Ndiye niliyemwachia simu ya zahanati Ijumaa saa kumi alasiri, maana mwisho wa juma hulinda usiku na mchana.

"Wewe! Njoo hapa. Jumamosi saa sita mchana ulisoma digrii ngapi?"

"Mzee, hata salamu hujaniruhusu."

"Digrii ngapi?"

Akajikuna kisogo. "Nikupake mafuta au nikwambie?"

"Jaribu kunipaka uone."

"Simu ilizima Ijumaa jioni, mzee. Ile chaja imeungua, ukiichomeka inanuka kama nywele. Sikusoma hata mara moja. Nikajua tu Jumatatu nitasemwa mpaka nikome."

"Na nyumbani kwangu ni hatua mia mbili! Miguu nayo ilizima?"

"Sasa mzee, kwani Karani alilalamika? Jana nimeazima simu ya muuza vocha, nikachungulia chati. Nikaikuta imejaa vizuri kabisa. Nne, nne, nne. Nikasema, ah, kumbe siku hizi inajisomea yenyewe. Maendeleo hayo."

Aliyasema hayo bila hila yoyote, na ndipo nilipoogopa. Mtu mzima na akili zake alikuwa ameona namba za saa ambazo yeye mwenyewe hakusoma, akazishukuru.

Niliingia ofisini kwa Daktari bila kubisha, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani mwangu. Chati ilikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta yake. Tangu Ijumaa jioni hadi asubuhi ile, nne kumi na mbili zilipangwa kama askari wa gwaride, hakuna aliyetoka mstarini.

"Mzee wangu, kheri? Nje wamefika sitini. Tuanze mapema leo."

Niliiweka chupa juu ya karatasi zake. Maji mekundu yakaanza kutambaa kuelekea kwenye muhuri. Aliitazama, akausogeza muhuri pembeni.

"Ya nani hii?" niliuliza.

"Mzee, ni soda tu."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni ya nani."

"Jumamosi kulikuwa na kikao cha kamati. Ijumaa jioni niliweka soda kumi na mbili zipoe. Nikaongeza baridi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Saba."

"Saba ndiyo namba ya mwisho kwenye swichi ile!"

"Nilisahau kuirudisha. Nimekumbuka jana jioni, nikaja nikairudisha kwenye tatu. Kumbe na chupa moja ilibaki. Lakini mzee wangu, tusikuze mambo. Mfumo unasema nne. Siku zote tatu, nne."

"Mfumo haukujibiwa na jicho la mtu. Mlinzi hakusoma."

"Mimi sijui mlinzi. Mimi najua chati." Akachukua kichupa kimoja cha chanjo kutoka kwenye trei aliyokwisha kuletewa, akakigeuza ubavu. "Halafu tazama hiki kijimraba kwenye lebo. Bado cheupe. Chanjo ikiharibika kinageuka cheusi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Hugeuka kwa joto! Nani ametaja joto hapa? Chanjo igande mara mia, kijimraba hicho kitabaki cheupe kama siku kilipochapwa. Hilo nalo nilikufundisha, ila siku hiyo ulikuwa na haraka."

Aliinamisha uso, kisha akashusha sauti, kama mtu anayebembeleza mkwe. "Shehena nyingine inakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nikisema hii imeharibika, ni mimi nitakayeandika barua. Niandike nini? Soda? Mzee wangu, una miaka mingapi ya kazi? Acha leo ipite."

Mlango ulifunguliwa akaingia mjukuu wangu. Alikuwa na mtoto wake kifuani, mwenye wiki kumi, amefungwa shali ya njano. Alikuwa amekuja kama akina mama wengine, kwa ajili ya sindano ya mtoto.

"Shikamoo, Babu," alisema.

Sikuitikia.

Naandika jambo hili kwa sababu nimejiahidi kuandika yote. Salamu ya mtoto huitikiwa hata kama nyumba inaungua. Nilimlea hivyo, nami mwenyewe nililelewa hivyo na watu wasiocheza. Lakini asubuhi ile niliiacha salamu yake ikining'inia hewani, naye aliona.

"Hizi nne," nilisema, nikigonga kioo cha kompyuta kwa kucha, "zimetoka wapi?"

Aliangalia chati, akaangalia chupa. Ni mwepesi wa kuelewa; hilo hakuna atakayemnyima. "Hakuna aliyejibu?"

"Simu imezima tangu Ijumaa."

"Basi ni Karani. Mtu asipojibu kwa nusu saa, anarudia namba ya mwisho. Namba ya mwisho ilikuwa yako, Babu, ya Ijumaa saa tisa. Nne."

Yaani zile namba zilikuwa zangu. Jicho langu la Ijumaa lilikuwa limenyofolewa na kubandikwa Jumamosi na Jumapili, nikiwa nimelala nyumbani. Nilihisi kama mtu aliyekuta sahihi yake kwenye hati ambayo hajapata kuiona.

"Nani alikuruhusu kuandika uongo?" nilinguruma. Mtoto akashtuka ndani ya shali. "Nimekupeleka shule kwa mgongo wangu huu, ukajifunze kutengeneza mashine ya kudanganya! Mlevi akiulizwa saa hukiri kwamba hajui. Mashine yako haina hata adabu ya mlevi!"

"Daktari alitaka chati isiyo na mashimo."

"Daktari hakukulea!"

"Hakunilea. Wewe ndiye uliyenilea." Sauti yake haikupanda, laiti ingepanda. "Unakumbuka darasa la nne? Hesabu kumi za nyumbani. Nilifanya nane, mbili sikuzijua, nikaziacha. Ukachana ukurasa mbele ya wageni. Ukasema, usiniletee tena nafasi tupu ndani ya nyumba hii."

Nilifungua kinywa.

"Ngoja, Babu, sijamaliza. Sikukuletea tena. Tangu siku ile, hesabu nisiyoijua niliiandikia namba yoyote iliyonijia kichwani. Kumi na saba. Thelathini na mbili. Ulikuwa unapitisha kidole ukurasa mzima kuona kama pamejaa, unatia vema, unafunga daftari. Kila jioni. Miaka mitatu."

"Ningejua…"

"Hukukagua. Ulitazama kama pamejaa tu. Basi nimetengeneza mashine inayojaza."

"Kistari," nilisema. "Kwa nini hukuchora kistari?"

"Kistari kilikuwa cha kazini kwako. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani. Nani alinifundisha kistari?"

Daktari alikohoa. Alikuwa ameona mlango wa kutokea, akaufuata mbio. "Jamani, haya ya familia yatakwisha jioni. Sasa tufanye hivi: mtoto wa mwenye Karani atangulie. Akina mama wakimwona mtaalamu mwenyewe ana imani, foleni itatulia. Lete paja hilo, mama." Na kabla sijasema neno alikwisha kuchana karatasi ya bomba la sindano na kulichomeka kwenye kizibo cha kichupa.

Mjukuu wangu alisimama katikati yetu. Alifungua shali hadi paja la mtoto likaonekana, nene, lenye mikunjo miwili. Kisha mkono wake ukasimama. Aliniangalia, na mara hii hakukuwa na ugomvi machoni mwake.

"Babu, kuna njia ya kujua? Si kukisia. Kujua."

"Ipo."

Katika droo yangu hukaa kichupa kimoja ambacho vijana wamekicheka kwa miaka. Kila shehena inapofika, nachukua kichupa kimoja cha toleo lile lile, nikakigandisha makusudi, nikakiyeyusha, na kukiandika kwa wino mwekundu: USITUMIE. Ninakiita shahidi. Kazi yake ni kuonyesha jinsi chanjo iliyokufa inavyokaa. Nilikileta. Nikachukua na kichupa kutoka kwenye trei ya Daktari, nikavishika vyote viwili katika mkono mmoja, nikavitikisa pamoja kwa nguvu hadi vikawa vyeupe kama maji ya chokaa, nikavisimamisha kwenye kizingiti cha dirisha palipo na nuru.

"Sikilizeni," nilisema. "Shahidi ameganda, atatua upesi na kuacha maji angavu juu. Kama hiki kingine hakikuganda, kitabaki na ukungu wakati mwenzake amekwisha kutua. Vikitua pamoja, vyote viwili ni maiti."

Tulisubiri. Mlinzi alikuwa amekuja kusimama mlangoni, koti begani. Nje mtoto mmoja alilia, mwingine akamjibu. Dakika ya tano, ndani ya kichupa cha shahidi utando wa maji angavu ulitokea juu, mwembamba kama ukucha. Nilikaza macho kwenye kichupa cha pili, na nakiri kwamba niliomba kiniumbue, kikae na ukungu wake, nionekane mzee mkorofi mbele ya watu wote. Utando ukatokea na huko. Dakika ya kumi vyote vilikuwa nusu angavu, na chini ya vyote viwili vilikuwa vimelala vipande vidogo, kama ukoga.

"Mama yangu," mlinzi alinong'ona. "Mapacha."

Mjukuu wangu alifunika paja la mtoto. "Mwanangu hapigwi hiyo."

"Lakini chati yako mwenyewe…" Daktari alianza.

"Chati yangu imesema uongo mara kumi na mbili, Daktari. Nimeiandika mimi, naijua. Wala hapigwi mtoto wa mtu mwingine."

Daktari aliliweka bomba la sindano mezani. Akakaa. Alikuwa amepungua, hata kola ya shati ilimzidi. "Basi tuwaambie ni hitilafu ya umeme," alisema.

"Hapana," nilisema.

"Mzee, nakuomba. Nina watoto."

"Na wale sitini huko nje ni nini, magunia? Utasimama nyuma yangu, na nitakayoyasema utayasikia."

Nilitoka barazani. Akina mama walinyamaza, kwa kuwa walizoea kwamba nikitokea mimi, zamu inaanza. Niliwaambia kwamba chanjo iliyomo ndani imeganda na haifai. Niliwaambia kwamba baridi iliongezwa Ijumaa ili ipoze soda za kikao. Niliwaambia kwamba kwa siku tatu hakuna aliyesoma kipimajoto, na kwamba mimi, niliyepewa kazi hiyo, niliiamini mashine bila kuiuliza hufanya nini inaponyamaziwa. Warudi Alhamisi ya wiki ijayo, na wasikubali muhuri kwenye kadi kabla ya hapo.

Walilipuka. Nilistahili sehemu yangu nikaipokea nikiwa nimesimama wima.

"Nimeondoka nyumbani alfajiri, sijanywa hata maji!" alipiga kelele mmoja, ameshika mtoto mkono huu na mwavuli mkono ule. "Soda? Mwanangu arudi bila sindano kwa sababu ya soda? Ilikuwa ya ladha gani hiyo, tuambieni basi tujue tumekosea wapi!"

"Kila siku huyu mzee na vistari vyake," alidakia mwingine. "Leo ametuchorea sisi wenyewe kistari!"

Baadhi walicheka, kicheko kikali kisicho na furaha. Yule wa mwavuli hakucheka. Alipanda ngazi mpaka mbele ya Daktari, akamtazama kuanzia viatu mpaka utosini, kisha akasema taratibu, "Alhamisi ile nitakuja. Na nitataka kukiona hicho kipimajoto kwa macho yangu." Akageuka akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka mabenchi yakabaki matupu.

Daktari aliingia ofisini kuandika barua yake. Niliketi naye hadi neno "soda" lilipoandikwa. Aliliandika kama mtu anayeng'olewa jino.

Nilipotoka, mjukuu wangu alikuwa kwenye benchi, kompyuta magotini, mtoto amelala ubavuni pake. Alikuwa amemfungua Karani na kumkata mahali. Alinionyesha bila kuniangalia: asipojibiwa, sasa angechora kistari chekundu, kisha angeipigia simu yangu, na nisipopokea angeipigia ya Daktari, naye asipopokea angeendelea kupiga. Zile nne kumi na mbili alikuwa amezifuta. Mahali pake palikuwa na vistari kumi na viwili, na pembeni ya kila kimoja nafasi mbili za sahihi.

Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Niliweka sahihi yangu mara kumi na mbili kwa kidole kwenye kioo. Sahihi ya saba ilionekana kama ya mtoto wa darasa la nne.

Saa sita kamili simu ya zahanati, iliyokuwa ukutani ikinyonya umeme wa chaja ya kuazima, ililia. "Jokofu ni digrii ngapi?" Niliinuka nikaenda kusoma. Jokofu lilikuwa tupu. Maboksi yote nilikwisha kuyatenga na kuyaandika kwa wino mwekundu. Lakini kipimajoto kilikuwapo, na jicho lilikuwapo. Nilirudi nikaandika tano.

Kisha nikasimama mbele ya benchi, mikono nyuma, kama nilivyozoea kusimama mbele ya watu wa kukemewa.

"Marahaba," nilisema.

Aliinua uso. "Nini, Babu?"

"Asubuhi ulinisalimu."

Nilikuwa bado nimekasirika. Juu ya nani, sikuweza tena kusema kwa uhakika. Aliweka kompyuta kando, akamnyanyua mtoto kwa uangalifu asiamke, akaninyooshea.

"Mshike huyu," alisema. "Nina sahihi zangu za kuweka."